Kura Moja ya Papa Veterinere

Acha nianze na aibu yenyewe, juu hata nikiificha, watu wa Hombo watawaambia tu. Siku ya uchaguzi, chama chetu kilipata sifuri ku biro ya kura ya Hombo, kule Walikale. Sifuri ya kweli, ya mviringo, waliibandika ku mulango kila muntu anasoma. Na mu ile biro, muntu wa chama alikuwa mumoja: mimi. Sekretere. Muntu yenye aliandika mareinyo, mikutano yote ya chama, miaka nane, anatembeza muhuri mu mufuko ya koti, anapiga kelele "Tuchunge!" mpaka koo inakauka. Kandida wetu alikuwa anangojea kura moja tu kutoka kule, ile ya sekretere wake. Haikufika.

Sasa mukishacheka, nikae niwaambie ni muntu wa namna gani nilimufanyia vile.

Tulimuitaka Papa Veterinere. Kule kwetu ku milima ya Masisi, kwenye ng'ombe iko mingi kupita viti, veterinere, munganga wa mifugo, ni mukubwa kupita dogteri. Muntu akikufa unalia. Ng'ombe ikikufa unalia, na kesho yake hauna maziwa. Alikuwaka na koti moja ndefu ya sufu, rangi ya majivu, anaivaa mvua na jua. Alitoka nayo Serbia, kwenye alienda kusoma akiwa kijana, wakati ile inchi ilikuwa ingali inaitwa Yugoslavia. Inchi ilivunjika vipande vipande, koti ikabaki nzima. Ukimuuliza juu ya politike, alianzaka na ile koti. "Angalia mushono," anakuambia. "Ya zamani hii."

Mimi nilimujulia mu fromaji. Nilikuwa natengeneza fromaji, jibini ya maziwa, ku shamba ya tajiri mumoja, zile za mviringo, unazipanga ku mbao zinakauka. Shule niliiachia katikati ya mwaka wa ine ya sekondari. Watu wanasemaka niliacha. Hapana, ilikuwa somo ya shimi njo iliniacha. Basi siku moja Papa Veterinere anaingia kupima maziwa, anakuta nimeandika na makaa ku ukuta: USIGUSE IKO INALALA. Juu fromaji ikilala, usiigeuze-geuze.

"Nani aliandika hii?"

Nikaogopa. "Ni mimi, Papa. Nitafuta."

"Usifute. Una mwandiko. Kuanzia leo uko sekretere."

"Sekretere wa nini, Papa?"

"Nitakuambia."

Aliniambia nyuma ya mwezi mbili. Mu zile mwezi mbili nilikuwa tayari najivuna ku soko, natembea mikono nyuma, sijui ata ninasekreteria nini.

Njo vile chama kilianzishwa. Lakini ili muelewe chama, inafaa muelewe Serbia, na mimi nitawaelezea vile alitueleza, juu mimi Serbia nimeijulia mu kinywa yake tu.

Alikuwa na rafiki kule, walilala chumba moja ku shule. Sasa ni muzee kama yeye. Ule rafiki alikuwa anamutumia sauti ku telefone, kila juma, dakika makumi mbili za kiserbia, inasikika kama muntu anagombana na mulango. Papa Veterinere anakaa ku kilima kwenye rezo ya telefone inapita, anasikiliza, anapiga kichwa, anashuka kututafsiria. Na ile yote ilikuwa habari ya chama kimoja. Chama cha watu wenye hawataki kitu kibadilike. Kilianza na watu saba wenye hasira, nyuma ya duka ya mukate. Walitaka familia kama ya zamani, kanisa kama ya zamani, herufi za kuandika za zamani, mashamba ya babu yasiuzwe. Watu wakawacheka. Wakaingia vijiji, nyumba kwa nyumba, wanakaa, wanakunywa, wanasikiliza wazee. Uchaguzi ya kwanza wakaanguka. Ya pili wakapata viti ku komine. Ya tatu wakakosa parlema kidogo tu, kidogo kabisa.

Ile jioni ya kukosa kidogo, Papa Veterinere hakula. Bibi yake alikuja kuniita: "Sekretere, kuja umusemeze baba yako, Serbia imemukatalia chakula." Nilimukuta anakaa giza, na koti yake. Nikamuambia pole, kama muntu amefiwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia uchungu ya kweli. Kule kwetu barabara imekatika, daraja imeanguka, na mimi ninalilia watu wa duka ya mukate.

Nyuma ya miaka, waliingia parlema. Siku ile alichinja kondoo. Kilima yote ilikuja, juu kondoo haiulizake chama. Tulipiga ngoma. Mama mumoja muzee, mwenye kuuzisha maziwa, akaniuliza pembeni:

"Sekretere, wale wameshinda, ni watu wetu?"

"Ni wetu, Mama."

"Serbia iko wapi? Iko nyuma ya Walikale?"

"Iko nyuma sana, Mama."

"Basi barabara yao nayo lazima imeharibika," akasema, akachukua mufupa mwingine.

Na mu reinyo moja, Bahati alisimama. Huyu Bahati ni rafiki yangu, anaendeshaka moto, ile pikipiki, njo anabeba fromaji zangu mpaka kule chini. Hakuwa anakosa reinyo, lakini alikuja na masikio yake mwenyewe. Papa Veterinere alikuwa anaeleza kama wale watu wa kule wanakataa inchi yao iingie mu umoja ya Ulaya.

"Papa Veterinere, nisamehe. Ulaya imewafungulia mulango?"

"Imefungua nusu."

"Na wao wanakataa kuingia?"

"Wanakataa. Wana heshima."

"Basi, Papa, si uandikie ule rafiki yako atuambie? Kama hawaitaki ile nafasi, sisi tunaitaka. Mimi peke yangu nachukua mbili."

Watu walicheka mpaka ng'ombe ikakimbia. Papa Veterinere alingojea wanyamaze. Alikuwa na ile tabia, hakukasirikaka kwa haraka. Akasema: "Sekretere, andika: swali imeulizwa." Nikaandika. Mu kaye, daftari ya chama, iko maswali makumi, na nyuma ya kila swali: imeulizwa. Jibu hakuna.

Chama chetu akakiita Chama cha Kuchunga. Alama: ng'ombe yenye kusimama. Nilimushauria ng'ombe yenye kutembea, akaniangalia kama nimeomba talaka. Alikuwa na maneno yake, anayarudia mpaka na watoto wanayajua. "Kila kitu kipya ni ugonjwa yenye bado haina jina." "Kabla hujatoa kitu, uliza nani alikiweka." "Bakia." Ile "bakia" peke yake, ilikuwa diskuru, hotuba nzima. Anasimama mbele ya watu, anainua kidole, anasema "Bakia!", anakaa. Na sisi tunapiga makofi, juu tulizoea diskuru za masaa ine.

Lakini njo muntu yenyewe, angalieni. Alisema bibi abakie mu nyumba, bwana njo aongoze. Bibi yake alikuwa na duka ya dawa ya mifugo, njo alinunua mafuta ya taa, njo alipanga siku ya reinyo. Alikuwa anatokea ku mulango, anasema "Papa Veterinere, inatosha," na reinyo inaisha, hata kama bwana iko katikati ya neno heshima. Mimi naandika: reinyo imefungwa na prezida.

Alichukia vitu vya kutoka inje. Kalamu ya inje, muziki ya inje, dawa ya nywele ya inje. Lakini kazi yake ya miaka yote ilikuwa nini? Kuzalisha ng'ombe na sindano, na mbegu ya dume la kule Ulaya, ile nyeusi na nyeupe. Zile ng'ombe zetu za zamani, za pembe ndefu, za kupendeza, zilipungua mu mikono yake mwenyewe. Muchungaji mumoja wa ng'ombe alimutupia ile neno waziwazi: "Veterinere, unasema tuchunge ya babu. Ng'ombe ya babu nani aliimaliza? Si sindano yako?"

Akafikiri. "Ng'ombe ni ya maziwa," akasema. "Mila ni ya watu."

"Kwa hiyo ng'ombe inaweza kuendelea, sisi tusiendelee?"

"Sekretere, andika: swali imeulizwa."

Na pombe. Mu kanisa alisimama kuikataza. Nyumbani alikuwa anachoma yake, ya prini, matunda zile nyekundu za miti zenye tunazo mingi. Aliiita rakia, kama kule Serbia. Alisema rakia haiko pombe, ni ukumbusho. Kikombe kimoja, unakumbuka. Viwili, unakumbuka hata kwenye haujafika. Mimi kwa kikombe cha tatu niliwahi kuona duka ya mukate na wale watu saba.

Lakini musifikiri nilikuwa namucheka tu. Vita ikisogea na watu wakikimbia, wakubwa wengi walipandaka gari mbele, na magodoro juu. Yeye alibaki na ng'ombe ya watu. Ng'ombe ya watu, haiko yake. Alitembea ma juma mbili mu mvua kuzirudishia wenyewe, moja moja, anajua kila moja ya nani. "Bakia" yake, hapo haikuwa kuchekesha.

Sasa tufike ku uchaguzi. Aliposikia kama rafiki yake wa Serbia naye amekaa mu parlema, muzee wa umri yake, kichwa yake ilikaa huko. Akatuambia atasimama. Lakini hakusimama Masisi. Alisimama Walikale, kwa wajomba zake, juu wale saba wa duka ya mukate nao walianzaka mbali. Sisi tukamuambia, Papa, watu wenye wanakujua wako huku. Akasema wa huku watashuka kwa mapenzi kumufanyia kampanye kule. Kumbe Masisi uchaguzi haikufika kabisa. Walisema hakuna usalama. Wenye walimujua hawakushuka, wakakaa nyumbani wakitazama mikono yao. Walikale ikapiga kura.

Na mu chama yote, karte ya kupigia kura Walikale ilikuwa ku muntu mumoja. Ile mwaka ya kuandikisha watu nilikuwa Hombo nauzisha fromaji, nikaona musururu, nikaingia, sijui ata ni ya nini. Nilifikiri wanagawa chumvi. Wakanipiga picha, wakanipa karte. Papa Veterinere aliposikia, alishika mabega yangu yote mbili.

"Kwa hiyo kura yangu ya kwanza ni yako."

"Ndiyo, Papa."

"Hata kama wengine wote watanikatalia, ile moja iko. Na yenye iko moja haiko sifuri. Wale walianza na saba. Mimi naweza kuanza na moja."

Mafishi, zile picha za kubandika ku ukuta, alikataa. Alisema kule kwa rafiki hawakubandikaka, walikuwa wanaongea na muntu macho kwa macho. Basi akanipa namba yake ya mashine ya kupigia kura, akasema niiweke mu kichwa. Kichwa yangu mimi naijua, nikaiandika ku karatasi.

Nilishuka na Bahati, siku mbili ku moto, na fromaji makumi mbili nyuma. Musururu ya Hombo ilikuwa ndefu, watu wameamukia pale, wana njaa. Na mimi nina fromaji. Unafikiri nilifanya nini? Nikaanza kukata. Kipande, kipande, nafungia mu karatasi, napokea, nasogea. Nilikuwa kandida wa watu wote mu ule musururu. Niliuzisha vizuri siku ile kuliko Noeli. Nikafika ku mulango, polisi ananiambia telefone ibakie inje, naingiza mukono mu mufuko kutafuta ile namba, hakuna. Ile karatasi ilikuwa imeondoka na kipande cha fromaji ya mama mumoja mu kitenge ya njano.

Nikasema, haina neno, nitaangalia jina.

Jina gani?

Miaka nane. Muhuri iliandikwa PREZIDA. Mareinyo yote niliandika "Papa Veterinere amesema". Bibi yake alimuita Papa Veterinere. Wachungaji, padiri, watoto, wote. Makaratasi ya kandida bibi yake njo alijaza. Mimi, sekretere, muntu wa mwandiko, sikukuwa najua jina ya muntu yangu. Hata sikuwahi kujiuliza. Kama vile hauulizake mulima unaitwa nani wakati unalala juu yake.

Nikasema, haina neno, nitaangalia picha. Mashine inaonyesha sura, musururu ya sura, wanaume na tai, wamama na vilemba. Ninatafuta muzee na koti. Hakuna muzee na koti. Nyuma nilikuja kujua kama alitoa picha ya wakati wa shule kule Belgrade, Serbia: kijana mwembamba, nywele kama kiota, shingo kama ya bata. Chama cha Kuchunga kinachunga hata sura. Ile picha nimeipita mara tatu, na mara moja nilisema mu roho: huyu mutoto naye anataka nini mu politike.

Inje watu wanapiga kelele: "Ule wa fromaji amelala mule?" Ajenti wa biro anakohoa. Nikaona aibu kuuliza. Ningeuliza nini? Samahani, prezida wangu anaitwa nani? Nikabonyeza muntu mumoja mwenye tai ya bulu. Alikuwa na sura ya kusamehe. Nikatoka naangalia chini.

Ule wa tai ya bulu, niliuliza kesho yake, alikuwa wa chama cha mabadiliko.

Nyuma ya pale vita iliingia kwetu vizuri, kilima ikatawanyika, shamba ya fromaji ikaisha. Mwaka ulipita, karibu mbili. Sikumuona. Nilisikia tu habari: kama alipeleka malalamiko. Kama anasema waliiba kura yake. Moja. Ile moja. Alikuwa anaambia kila muntu kama iko na shahidi, sekretere wake, muntu wa kweli, yenye alishuka siku mbili ku moto ili apige ile kura. Niliposikia vile, nilianza kupitia njia zingine.

Alinikamata kule kambini Kashuga. Yaani, mimi njo nilienda, juu Bahati alisema ananipeleka ao ananiacha barabarani. Papa Veterinere alikuwa anaishi katikati ya watu wenye walikimbia, mu kibanda ya shitingi ya plastiki, yeye na bibi yake. Ng'ombe hakuna tena, ya muntu yeyote. Nilimukuta amepiga magoti, anachoma sindano mbuzi ya mama mumoja. Koti ni ile ile. Mushono ilikuwa imeachia ku bega.

"Sekretere! Umekuja kutia mukono."

Akatoa karatasi mu koti. Iliandikwa mashine, vizuri: mimi mwenye kutia mukono hapa chini, nahakikisha kama nilipiga kura yangu kwa... na jina likafuata, maneno tatu. Nililisoma mara ya kwanza mu maisha yangu. Jina ya muzuri kweli.

Nikauliza habari ya Serbia kwanza, kupoteza wakati. Akasema wale saba wamegombana juu ya viti. Chama kimekuwa kikubwa, kina gari. Rafiki yake walimufukuza, walisema anarudisha watu nyuma. Sauti hatumi tena.

"Kwa hiyo tumebaki sisi," akasema, akanipa bic ya kuandika.

Nikashika ile bic. Mbuzi iko inaniangalia. Ningetia mukono, ingekuwa rahisi, hakuna muntu angejua, na muzee angelala vizuri. Lakini ile jina ilikuwa pale, maneno tatu, na mimi najua kama ningeapa juu yake mbele ya juji, angeniambia tu nilitaje bila kuangalia karatasi na ningeanguka.

"Papa, hawakuiba."

"Nini?"

"Kura. Hawakuiba. Mimi... sikukuona mu mashine. Namba ilipotea. Na jina sikujua."

"Jina gani?"

"Yako, Papa."

Bibi yake aliacha kupika. Papa Veterinere alimaliza kwanza sindano, akasugua mbuzi pale alichoma, akaiachilia. Akakaa chini.

"Kwa hiyo haiko mwizi."

"Hapana, Papa."

"Ni sekretere."

"Ndiyo, Papa."

"Mwizi ingekuwa afazali." Hakusema na hasira. "Wakiniibia, ni kusema kuna muntu ananiogopa."

Alikunja ile karatasi mu ine, akairudisha mu koti. Nyuma akanisimamisha mbele yake kama mu shule ya musingi, akasema jina lake, pole pole, maneno tatu. "Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia, mbele ya mbuzi na ya mama mwenye mbuzi. Mara ya tatu alitingisha kichwa, akaniambia bibi yake ameivisha chakula, nikae. Lile jina hapa siliandiki, ni lake. Lakini ninalijua.

Tulirudi na Bahati. Alikuwa amekaa pale inje wakati yote, alisikia kila kitu. Tulifika pale kwenye tope inashika moto mpaka ku kiti, akazima.

"Kaka, nikuambie kitu, lakini usirudi kule kumuambia."

"Sema."

"Mimi pia nilipiga kura Hombo. Biro ile ile. Weye ulikuwa unakata fromaji."

"Weye? Na karte ya wapi?"

"Ya Hombo. Nilijiandikisha siku moja na weye, nyuma yako mu musururu. Unafikiri ni weye peke yako ulikuwa unangojea chumvi?"

"Na hukumuona nawe?"

"Nilimuona mara moja tu, kabla ata ya kutafuta. Jina nilijua. Namba nilijua. Ile picha ya nywele alinionyeshaka tukikunywa rakia. Kidole yangu ilifika palepale juu yake."

"Sasa ile sifuri ilitoka wapi?"

Bahati aliangalia barabara, ile yenye tulitoka na ile yenye ilibaki.

"Kaka, ule muzee ninamupenda. Lakini anasema vitu vibakie vile viko, na mimi njo naendeshaka mu hii barabara. Shuka, sukuma."